Kuingiza Amiga 1200 ya mjomba kwenye mtandao wa waya

Ukiwa na kompyuta ya zamani ya nyumbani na unataka kuiunga kwenye mtandao wa waya wa siku hizi, kuchomeka kebo yenyewe ni kazi ya dakika moja. Shughuli iko kabla ya kebo na baada yake. Kabla, kwa sababu programu ya kuendesha kadi ya mtandao iko mtandaoni, na mashine haina njia ya kufika huko kuichukua. Baada, kwa sababu ukishafika unakuta tovuti nyingi zimefungwa kwa kufuli ambazo mashine ya enzi zile haizijui. Nimeshapita huko kote, pesa zimeshatoka, hasira zimeshapoa, na naandika ili mwenye mashine kama hii apange kazi yake vizuri kuliko nilivyopanga mimi.

Mashine yenyewe ni Amiga 1200. Commodore waliitoa mwishoni mwa 1992, na kufikia Aprili 1994 kampuni ilikuwa imefilisika. Kompyuta nzima imo ndani ya kibodi: prosesa ya Motorola 68EC020 inayokwenda megahezi 14, kumbukumbu ya megabaiti 2, disketi ubavuni kulia. Ubavu wa kushoto kuna tundu la PCMCIA, la kadi bapa za laptopu za zamani, na tundu hilo ndilo lililonitia moyo. Mwenye Commodore 64 hana budi kutafuta kifaa kilichotengenezwa mahsusi kwa ajili ya mashine yake. Mimi nilihitaji kadi ya mtandao ya laptopu za miaka ya tisini, basi.

Mwenye mali ni mjomba wangu. Aliinunua hapa Hamburg mwaka 1993 alipokuwa anasoma, akaandikia barua, tasnifu yake na mashairi. Aliporudi Tanga aliiacha kwa rafiki yake, ikakaa kwenye stoo ya chini ya jengo miaka yote, mpaka yule rafiki alipohama nyumba akanipigia mimi niende kuichukua. Nikampigia mjomba. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nikamwuliza niifanyeje. Akanijibu, "Mashine ukitaka itupe, mpwa wangu. Lakini mashairi yangu yamo humo, hayo nayataka."

Niseme ukweli mapema, kabla mtu hajatoa pesa yake mfukoni. Kama haja yako ni mafaili tu, huna haja ya mtandao. Hard diski ya Amiga 1200 ni ya muunganisho wa zamani wa IDE, inchi 2.5, inachomoka, inasomeka kwenye kompyuta ya leo kwa adapta ya USB na programu ya WinUAE, inayoigiza Amiga ndani ya Windows. Disketi nazo zinasomwa kwa kifaa kiitwacho Greaseweazle na drive ya kawaida ya inchi 3.5. Mimi nilichagua njia ndefu kwa sababu nilitaka mashine yenyewe iishi, ipokee na itume, mjomba akija aikute inafanya kazi. Hiyo ni tamaa, na tamaa ina bei yake.

Kitu cha kwanza kilichonikaribisha nilipoiwasha ni harufu. Baada ya kama robo saa, harufu ya samaki aliyekaa. Sauti ilikuwa hafifu, ya upande mmoja tu. Kaka mmoja wa Mombasa, fundi wa vinanda vya umeme hapa mjini, alifungua mfuniko, akainamisha taa, akanionyesha kapasita ndogo za bati karibu na soketi za sauti. Miguu yake, iliyotakiwa kung'aa, ilikuwa imefifia kijivu, na pembeni ya moja kulikuwa na unyevu kama mafuta. "Hii inamwaga kemikali yake juu ya bodi, ndugu yangu. Kila ukiiwasha inakula njia." Amiga 1200, 600, 4000 na CD32 zote zilitengenezwa kwa kapasita za aina hii za kubandika juu ya bodi, na baada ya miaka thelathini karibu zote huvuja. Akazing'oa zote, akasafisha, akaweka mpya. Nikamlipa euro 70. Kama una mashine ya rika hili, anzia hapo, kabla hujanunua kitu kingine chochote, maana bodi iliyokwisha kuliwa haiponi kwa kadi ya mtandao. Mwangalie fundi pia amewahi kulehemu vitu vidogo. Wa kutengeneza redio kwa pasi ya risasi nene atang'oa na njia za shaba.

Ukifika kwenye kadi, soma maelezo ya muuzaji mara mbili, kisha omba picha. Tundu la Amiga ni la biti 16. Kadi nyingi zinazouzwa kwa bei poa zilitoka baadaye, ni za CardBus, biti 32, na hazifanyi kazi kabisa. Namna ya kuzitambua kwa macho: kwenye ukingo wa kuchomeka, CardBus ina utepe wa shaba ya dhahabu wenye vinundu vinundu. Kadi ya biti 16 haina utepe huo. Ya kwanza niliyonunua ilikuwa na vinundu. Ya pili ilikuwa sahihi kabisa, ila haikuja na kipande chake cha waya, kile kinachochomekwa kwenye kadi upande mmoja na upande wa pili kina tundu la kebo ya mtandao. Kila kampuni ilitengeneza kipande cha umbo lake, hakiazimani, na kukipata peke yake ni taabu kuliko kupata kadi. Nikanunua kadi ya tatu, hii sasa ikiwa na waya wake kwenye picha, inayoendana na NE2000, kadi ya zamani iliyoigwa na kampuni nyingi, kwa euro 35. NE2000 ni jina la kulishika, kwa sababu programu ya cnet.device, ambayo ndiyo draiva ya kadi hizi kwenye Amiga, inazitambua nyingi za ukoo huo. Kadi za 3Com za namba 3c589 zina draiva yake, 3c589.device. Nje ya hizo mbili, tafuta jina la kadi kwenye maelezo ya draiva kabla ya kulipa.

Sasa ndiyo inakuja sehemu iliyonitoa jasho. Draiva iko Aminet, hazina ya programu za Amiga iliyoanza mwaka 1992 na mpaka leo inafanya kazi. Laptopu yangu inafika Aminet. Amiga haifiki. Kati yao kuna disketi, na disketi ya Amiga ni ya kilobaiti 880, iliyoandikwa kwa mpangilio ambao drive ya kompyuta nyingine peke yake haiwezi kuusoma. Kinyume chake, Amiga inaweza kusoma disketi za kompyuta za kawaida, zile za kilobaiti 720, kwa sababu tangu toleo la 2.1 la Workbench, yaani mfumo wa kuendesha Amiga, unakuja na CrossDOS, programu ya kusoma disketi hizo. Ya mjomba ina Workbench 3.0, kwa hiyo ipo. Fungua folda ya Storage, halafu DOSDrivers, bofya PC0 mara mbili, na drive ileile ya disketi inapata jina la pili, PC0:, linalosoma disketi za kawaida.

Nikanunua drive ya disketi ya USB na pakiti ya disketi zilizotumika. Angalia hapa: zinatakiwa DD, zile zenye tundu moja tu la kuzuia kuandika. Zenye matundu mawili ni HD, za megabaiti 1.44, na Amiga 1200 haina drive ya HD. Windows ya leo ikakataa kabisa kufomati disketi kwa kilobaiti 720. Nilihangaika nayo usiku kucha, kumbe dawa ilikuwa mezani: ifomati disketi kwenye Amiga yenyewe, kupitia PC0:, kisha ipeleke kwenye laptopu ikiwa tayari. Laptopu ikaikubali bila neno. Mwenye Linux anaweza pia kutumia amri ya ufiformat.

Nikaweka mafaili, nikarudi Amiga, nikakuta majina yamekatwakatwa. CrossDOS inajua majina ya herufi nane na tatu tu, kama DOS ya zamani, kwa hiyo kila jina refu lilikuja na alama ya wimbi na namba mwishoni. Yabadilishe majina kabla ya kunakili: cnet.lha, siyo jina lote refu la toleo na tarehe.

Halafu ukuta mwingine. Karibu kila kitu Aminet kimefungashwa kwa lha, na mashine ya mjomba haikuwa na programu ya kufungua vifurushi hivyo. Programu hiyo, bahati nzuri, inapatikana kama lha.run, faili linalojifungua lenyewe ukiliita kwenye Shell, dirisha la kuandikia amri. Lipeleke hilo la kwanza, kabla ya mengine yote. Na kwa faili linalozidi disketi moja, likate kwenye laptopu (kwenye Linux, split -b 700k), peleka vipande kimoja kimoja, kisha Amiga uviunge kwa amri iliyomo tayari kwenye mfumo:

Join kipande1 kipande2 kipande3 AS net.lha

Kuna njia fupi ambayo nimeijua baadaye. Unanunua kadi ya CompactFlash, ya kuhifadhia mafaili, na adapta ya IDE yenye pini 44, unaiweka badala ya hard diski, na kila kitu unakipanga kwenye laptopu ndani ya WinUAE: Workbench, lha, draiva, programu ya mtandao. Ukimaliza unaichomeka ndani ya Amiga na mambo yote yako tayari. Ikiwa hard diski yako imekufa au unaanza upya, nenda njia hiyo bila kujiuliza. Weka tu sehemu zote za diski ndani ya gigabaiti 4 za mwanzo, maana mfumo wa 3.0 hauoni mbele ya hapo, na Windows ikikuuliza kama unataka kuiandaa diski mpya iliyochomekwa, kataa. Mimi hard diski ya mjomba ilikuwa hai bado, inalia kama mbu lakini hai, na sikutaka kuigusa kabla sijatoa kilichomo.

Kuna na adapta ya kuweka CompactFlash kwenye tundu la PCMCIA. Ni nzuri, inabeba mafaili makubwa kwa haraka, ila kumbuka tundu ni moja. Kadi ya mtandao ikiwa ndani, CompactFlash iko nje.

Nikachomeka kadi ya mtandao. Kimya. Amiga haikuona kitu. Hapo nilianza kumlaumu muuzaji wa kadi, na alikuwa hana kosa. Chini ya mashine, kwenye mlango wa kuongezea vifaa, mjomba alikuwa ameweka kadi ya kumbukumbu ya megabaiti 8. Prosesa ya 68EC020 ina anwani za biti 24, maana yake kila kitu ndani ya mashine lazima kitoshee kwenye megabaiti 16: kumbukumbu, ROM, chipu za picha, na tundu la PCMCIA. Tundu limepewa megabaiti 4, kuanzia anwani $600000 (alama hiyo si dola, ni ya namba za kompyuta za msingi wa 16). Kumbukumbu ya ziada ya megabaiti 8 inaanzia $200000 na kufika mpaka $9FFFFF, kwa hiyo nusu yake ya pili inakaa juu ya anwani zilezile za tundu. Wawili hawawezi kukaa chumba kimoja, na kumbukumbu ndiyo inayoshinda.

Dawa ni jampa. Kwenye kadi nyingi za kumbukumbu kuna kijipini cha kuipunguza iwe megabaiti 4, na ukikihamisha tundu linaamka. Nilipoteza nusu ya kumbukumbu nikapata mtandao. Wenye kadi za prosesa ya 68030 hawaingii kwenye mgogoro huu, maana kumbukumbu yao inakaa kwenye anwani za juu zaidi. Kwa kuwa umeshafungua mlango wa chini, angalia na betri ya saa, kama kadi ya kumbukumbu inayo. Zile za kuchaji za zamani huvuja kuliko hata kapasita. Yangu ilikuwa ya duara, ya kawaida, imekufa tu. Nikaweka mpya, na faida yake utaiona huko mbele.

Kwa programu ya mtandao nilijaribu kwanza AmiTCP, toleo la majaribio la zamani, nikaona usanidi wake unataka uvumilivu wa mtu wa 1995. Nikahamia Roadshow. Ni ya kulipia, toleo la majaribio linakata mtandao baada ya muda mfupi, lakini muda huo unatosha kujua kama kadi yako inafanya kazi. Nikaja kulipa leseni kwa moyo mweupe. Draiva unaiweka kwenye folda ya DEVS:Networks. Kisha ndani ya DEVS:NetInterfaces unaweka faili dogo la maandishi, na la kwangu lina mistari miwili tu yenye maana:

device=cnet.device
configure=dhcp

Nikawasha. Draiva ikakubali, kadi ikatajwa, lakini anwani ya IP, ambayo dhcp inaiomba kutoka kwa ruta, haikuja. Taa kwenye kipande cha waya ilikuwa imezima. Nikabadilisha kebo. Nikabadilisha tundu la swichi, kile kiboksi cha kugawa mtandao wa waya. Nikasafisha pini za kadi kwa spiriti. Ilikuwa saa nane za usiku, na mke wangu akatoka chumbani kuniuliza hiyo mashine inadai nini kwetu.

Swichi yangu ni mpya, ya gigabiti 2.5. Kadi ya mtandao ni ya megabiti 10 kwa sekunde, 10BASE-T, basi. Swichi nyingi za miaka mingi zilikuwa zinashuka mpaka 10 bila kulalamika, lakini baadhi ya hizi mpya za kasi kubwa zinaishia 100. Kwenye karatasi ya swichi yangu imeandikwa 100, 1000 na 2500, wala sikuwahi kuisoma. Nikachimbua kwenye droo swichi ya zamani ya matundu matano, nikaiweka katikati, Amiga upande huu, swichi mpya upande ule. Taa ya kijani ikawaka papo hapo. Hata ya kununua, swichi ya aina hiyo iliyotumika ni bei ya chakula cha mchana. Ukiwa na tatizo la taa, jaribu hilo kabla hujagusa kadi. Habari ya kutafuta kebo ya kuvuka, ile iliyopinda waya ndani, isahau. Swichi za siku hizi zinajirekebisha zenyewe.

Andika ShowNetStatus uone kama anwani imekuja. Kisha ping ruta, yaani itumie ujumbe mfupi uone kama inajibu. Majibu yakaanza kushuka kwenye skrini, mstari kwa mstari, milisekunde chache kila mmoja, na mimi peke yangu sebuleni nikapiga kelele ya goli.

Asubuhi haikufanya kazi tena. Huu ni ugonjwa wa kuzaliwa wa Amiga 1200: mashine ikiwashwa upya, tundu la PCMCIA halipelekewi ishara ya kuanza upya ipasavyo, na kadi inabaki kwenye hali iliyokuwa nayo. Kuichomoa na kuichomeka tena kunatibu, lakini tundu lile ni la zamani na pini zake hazina mbadala wa kwenda kununua dukani. Aminet kuna programu ndogo iitwayo CardReset. Iweke kwenye S:User-Startup, faili la amri zinazoendeshwa kila mashine ikiwaka, juu ya mstari unaoanzisha mtandao. Tangu hapo sijaichomoa kadi.

Kazi ya mjomba nikaifanya kwa FTP, njia ya zamani ya kuhamisha mafaili kwenye mtandao. Laptopu ikawa seva, Amiga ikawa mteja. Andika binary kabla ya kutuma chochote, usije ukapokea mafaili yaliyoharibika ukadhani ni hard diski. Na usitume faili moja moja. Kila folda ifungashe kwanza kwa lha kwenye Amiga, kwa sababu mafaili ya Amiga yana alama na maelezo ambayo mifumo mingine inayatupa njiani. Kasi si ya kujivunia: nakala kamili ya disketi moja, yaani baiti 901,120, inachukua kama sekunde nane au tisa kwangu. Lakini baada ya kubeba vipande vya faili kwenye disketi zinazogonga, niliona ni umeme.

Mashairi yakafika, na hayafunguki. Mjomba aliandika kwa Wordworth, programu ya kuandikia ya Amiga, na hakuna programu kwenye laptopu yangu inayoijua. Ikabidi nirudi kwenye Amiga, nifungue kila andiko ndani ya Wordworth yenyewe, nilihifadhi tena kama maandishi matupu, ndipo nilitume. Kama bado unayo mashine na programu iliyoandika, fanya hivyo kabla hujaizima. Tuma yote mawili, la asili na la maandishi. Amiga inatumia herufi za ISO 8859-1, na kompyuta za leo zinasubiri UTF-8, kwa hiyo barua zake za Kijerumani kwa mwenye nyumba zilitoka na alama za ajabu kila penye ü na ß mpaka nilipozibadilisha kwa amri ya iconv. Mashairi, kwa kuwa Kiswahili hakina herufi zenye nukta wala mikia, yalitoka safi kama yalivyoandikwa.

Nilimtumia mjomba kwa WhatsApp. Akanyamaza siku nzima, kisha akanipigia. Nilitarajia shukrani. "Huu ubeti wa tatu una kipande cha mizani saba," akasema. "Mashine yako imekula silabi." Nikamfungulia andiko la asili kwenye Amiga, nikampigia picha skrini. Mizani saba.

Kuhusu kuvinjari, shusha matarajio. Tovuti karibu zote leo ni HTTPS, na kufungua kufuli hiyo ni hesabu nzito. AmiSSL, programu ya kufungua kufuli hizo kwenye Amiga, ipo, inafanya kazi kuanzia prosesa ya 68020, na kivinjari cha IBrowse kinaitumia. Lakini kwa megahezi 14 unabofya, unakwenda kuinjika chai, unarudi, bado. Na ukurasa wenyewe ukifika ni mzito kuliko kumbukumbu yote uliyonayo. Hapa ndipo betri ya saa inapoingia: Amiga inahesabu wakati kuanzia tarehe 1 Januari 1978, na isiyo na saa iliyo sawa itavikataa vyeti vya tovuti kwa kuona havijaanza kutumika. Kama huna saa ndani ya mashine, weka programu ya kuchukua wakati kutoka mtandaoni iwe inajiendesha kila ukiwasha.

Kinachofanya kazi vizuri ni vitu vya enzi yake. Aminet yenyewe inafunguka bila kufuli, na kushusha programu moja kwa moja kwenye mashine, baada ya yale ya disketi, ni raha. IRC, vile vyumba vya zamani vya maongezi ya maandishi, bado inaingilika. FrogFind inakutafutia na kukupa kurasa zilizovuliwa mapambo yote, maneno matupu. Na ukiwa na Raspberry Pi, kijikompyuta cha siku hizi, isiyo na kazi, iwekee programu ya WebOne, iwe inafungua kufuli za HTTPS kwa niaba ya Amiga na kuipa ukurasa ukiwa wazi. Barua pepe nimeiacha. Inawezekana, lakini sitaki neno langu la siri lipite kwenye mashine hii.

Kwa sababu hiyohiyo, usiiweke kwenye mtandao mmoja na kompyuta za nyumbani ukaiacha. FTP inatuma neno la siri waziwazi, na Amiga yenyewe haikuja na ukuta wowote wa kujilinda. Ruta nyingi zina mtandao wa wageni, na nyingine zinaruhusu tundu moja la waya liwe la wageni. Iweke huko. Usifungue mlango wowote kwenye ruta kuelekea kwake. Seva ya FTP iwe na mtumiaji wake peke yake mwenye folda moja.

Jumla, kwa anayetaka kupiga hesabu: fundi 70, kadi tatu kama 65 ambazo ningeweza kutoa 35, drive ya USB na disketi kama 35, leseni, betri. Iligusa euro 200. Mke wangu anadhani ni 100, na hasomi mambo ya kompyuta.

Zimebaki disketi chache za mjomba ambazo Amiga inazigonga, inalia, kisha inasema kuna kosa la kusoma. Mbili zina ukungu mweupe unaoonekana ukisogeza kile kibati cha pembeni. Hizo sizirudishi kwenye drive ya Amiga, maana ukungu unachafua vichwa na kuharibu disketi inayofuata. Nimeagiza Greaseweazle, na nina drive ya zamani ya kutupa ya kuanzia nayo. Moja kati ya hizo mbili ina lebo ya mjomba, kwa mwandiko wake: Tasnifu, sura ya 4.